Bilauri ya Viroboto wa Maji

"Si nilikwambia, Bi Mwanakheri? Wote wazima!" Bwana Sekiete, mwenye kiwanda cha vichujio, akapiga funda jingine la maji ya kichujio chake kutoka kwenye chupa.

Kwa wiki tatu unga anaotia kwenye vichujio, laini kuliko moshi, ulikuwa ndani ya bilauri ya viroboto wa maji, viumbe wadogo wa kupimia sumu, nao walirukaruka kama kawaida.

Bi Mwanakheri, mpimaji, hakugusa muhuri wa kuidhinisha vichujio. Alimsogezea hadubini.

"Miili yao huonyesha kama kioo. Huyu wa maji matupu, tazama mayai mgongoni. Sasa tazama wako."

Akatazama mmoja, wa pili, wa tano. Migongo mitupu.

"Labda bado..."

"Wiki tatu, bwana. Hakuna hata mmoja aliyezaa."

Sekiete hakuinua uso. Mkono wake ulipapasa mezani, ukaipata chupa, ukaifunga kizibo, ukakikaza.