Kichwa cha Tatu

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Mvua nyembamba ilikuwa imeanza kabla ya mapambazuko na haikuonyesha dalili ya kukatika.

Kando ya barabara ya kuingia mjini, bibi mwenye kichanga kifuani alikataa gari jingine.

"Bibi, unasubiri gari la harusi?" akauliza mwanamke mwenye mwavuli uliovunjika. Wenzake wakacheka. Walishazoea kumwita Bi Chagua.

Wote waliosimama pale walikuwa wakiuza vichwa vyao. Zamani njia ya haraka ya kuingia mjini ililipiwa, wenye fedha wakalipa wote, nayo ikajaa kama njia nyingine. Ndipo Mkuu wa Usafiri akabadilisha kanuni: asubuhi, gari lenye watu watatu lipite bure, lenye pungufu lisipite hata kwa mamilioni. Alitegemea kwamba majirani watapanda pamoja. Badala yake, dereva aliyekuwa peke yake alikodi watu kando ya barabara, na siku ya mvua bei ya kichwa ilipanda kama ya nyanya. Mkuu akaongeza kifungu: dereva akitiliwa shaka, aape kwa sauti mbele ya mashahidi kwamba kila abiria ni nani wake. Akidanganya, ni jela.

Mwenye mtoto alilipwa vizuri kuliko wote, maana yeye na mtoto walilijaza gari. Ndiyo sababu hakuna aliyemwelewa Bi Chagua.

Gari jeusi likasimama. Siku nyingine zote lilipita limejaa, bila kupunguza mwendo. Bibi akaitazama namba yake, akajipangusa maji usoni, akafungua mlango wa nyuma kabla hajaitwa.

Aliyeshika usukani alikuwa Mkuu mwenyewe. Dereva wake alikuwa ameamka na homa, na msaidizi wake alikuwa ametangulia mjini. Saa tatu kamili Waziri angempa cheo kikubwa zaidi, au angempa mwingine. Waziri hakuwa mtu wa kusubiri, na foleni ya kawaida ilikuwa imelala barabarani kama gogo.

"Tukiulizwa," Mkuu akasema bila kugeuka, "wewe ni mama mkwe wangu. Mtoto ni wangu."

"Sema wewe mwenyewe, baba. Mimi ni mtu wa sala, uongo siuwezi. Ila ukisema, sitabisha."

"Nitakulipa mara mbili."

"Malipo baadaye."

Mkuu akamtupia jicho kwenye kioo. Mtoto alikuwa amelala fofofo. "Mama yake yuko wapi?"

"Alifia kwenye barabara hii. Uchungu ulimshika akiwa peke yake, akaita teksi. Wakazuiwa njia ya haraka kwa sababu walikuwa wawili."

"Lakini alikuwa na..."

"Wa tumboni hahesabiwi, baba. Walipofika hospitali huyu alitolewa mzima. Mama yake alikuwa ameshakata roho."

Mkuu akapunguza sauti ya redio ingawa hakuna aliyekuwa akiisikiliza.

"Pole sana, mama. Sheria huhesabu wanaoonekana."

"Leo anaonekana," bibi akasema, kisha akaanza kusali kwa midomo tu.

Kwenye kizuizi, askari aliinama dirishani, mara akanyooka wima. "Mkuu! Samahani, sikujua ni wewe. Pita tu, Mkuu..."

"Apite wapi?" sauti ikatoka kwenye gari la nyuma. Alikuwa muuguzi, ameshika simu nje ya dirisha, anarekodi. "Na yeye aape! Au kiapo ni cha sisi makabwela tu?"

Honi zikalia. Simu nyingine zikatoka madirishani. Watu wakacheka, kicheko kisicho na furaha.

Mkuu akatazama saa. Kurudi nyuma kusingewezekana. Akisema kweli, kabla ya jua kutua angekuwa hana cheo cha zamani wala kipya. Akashuka kwenye mvua.

Askari akamwita muuguzi na muuza magazeti wawe mashahidi.

"Huyu bibi?"

"Mama mkwe wangu."

"Na mtoto?"

"Wangu."

"Unisamehe, Mkuu, kanuni inataka sauti. Wa kulea au wa kuzaa?"

"Wa kuzaa!" Mkuu akafoka. "Huyu ni mwanangu wa damu. Naapa!"

"Hongera, Mkuu. Hata fununu hatukusikia." Askari akaandika, mashahidi wakatia sahihi. Kisha, kutimiza wajibu tu, akamgeukia bibi. "Na wewe, mama, unathibitisha?"

Mkuu akamkazia macho. Neno moja tu la huyu mwanamke aliyemwokota kando ya barabara lingemmaliza.

Bibi akashuka taratibu. Akaufunua uso wa mtoto, akamwinua ili simu zote zimwone.

"Ukwe sijauona bado," akasema, kwa sauti iliyofika hadi kwenye malori ya nyuma. "Lakini mtoto ni wake kweli. Mama yake ni yule karani ambaye Mkuu alimfukuza ofisini tumbo lilipoanza kuonekana, binti yangu wa pekee. Nami naahidi mbele yenu nyote: siku atakapomkana, nitamleta mtoto mwenyewe, damu ipimwe."