Jibu la Posa ya Zuhura

Sinia la halua alilokuja nalo mshenga lilikuwa bado limefunikwa kitambaa chake. Zuhura alilichungulia kutoka nyuma ya pazia, akaingiwa na baridi. Kwao, posa ikipokewa, halua huliwa papo hapo.

Mshenga, Mzee Sharifu, alikuwa barazani akisubiri. Sebuleni, wazee wa ukoo walikuwa wakitafuta jibu. Au tuseme walikuwa wakitafuta namna ya kulisema, maana jibu lenyewe walikuja nalo.

Kijana aliyeposa hawakumtaja jina. Walimwita "huyo". Huyo alikuwa fundi pikipiki pale Dunda, mikono imejaa grisi, anaishi chumba cha kupanga. Ukoo wa Zuhura ulikuwa na maduka mawili ya saruji na nyumba ya ghorofa. Lakini si umaskini uliowakera.

"Umaskini unatibika," alisema Shangazi Mwajabu. "Nasaba haitibiki. Huyo si kufu yetu, basi."

Zuhura alibakiwa na tumaini moja tu: kaka yake, Yahya. Yahya alikuwa akifundisha falsafa ya maadili chuo kikuu, Dar es Salaam, na asubuhi ile alikuja kwa ajili ya dada yake. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, kisha akaomba kusema.

"Wazee wangu, zamani binadamu aliuzwa mji huu huu, na watu wenye swala zao waliona sawa. Leo nani anaona sawa? Maana yake tumejifunza kitu. Mtu hapimwi kwa babu yake."

Nyuma ya pazia Zuhura nusura apige kigelegele.

Baba mkubwa Abdala, aliyewalea tangu baba yao afariki, alitikisa kichwa taratibu.

"Umesema vizuri, mwanangu. Lakini babu yake huyo alikuwa sokoni, na bibi yetu alikuwa sokoni. Mji mzima unajua nani alisimama upande gani."

"Yeye hakuwapo, baba. Kazaliwa juzi tu."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," Shangazi Mwajabu alidakia. "Huko chuoni mna haki yenu, na sisi tuna yetu. Nani kakwambia yenu ndiyo bora?"

"Kama kila watu wana haki yao, shangazi, basi hata waliouza watu walikuwa na yao. Tuwaambie hawakukosea?"

Shangazi aliuvuta mtandio wake, macho chini. Zuhura akajua kaka yake ameshinda.

Ndipo Abdala alipouliza, kwa upole kabisa, "Dija wako hajambo?"

"Hajambo, baba. Kaanza shule."

"Akikua, akaja yeyote wa ukoo wa huyo kumposa, utamwoza?"

Yahya alifungua kinywa. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na Zuhura alilisubiri huku ameling'ang'ania pazia kwa mikono miwili. Kaka yake alitazama mkeka, akatazama dirisha, akajifuta jasho.

"Hilo ni jingine, baba," alisema.

Zuhura aliliachia pazia. Hakulia, hata nguvu ya kulia hakuwa nayo. Kama Yahya na elimu yake yote ameshindwa, basi hapakuwa na wa kumkimbilia duniani.

Abdala alitoka hadi barazani, akampa mshenga mkono kwa heshima zote.

"Tufikishie salamu, Mzee Sharifu. Waambie hatuna ugomvi nao. Ila sisi ni wajukuu wa mtumwa wao, na Mwarabu kwetu haoi."