Ndara ya Mgeni

Kila aliyekuja kumtaka yule mtoto wa mbwa alimpigia mluzi, naye akazidi kujibana chini ya kabati. Perpetua, aliyemwokota mtaroni, aliwakatalia wote.

Mama wa mwisho hakumwita. Alivua ndara mlangoni, akaketi mkekani, akavuta ungo wa Perpetua na kuanza kuchambua mchele.

"Mama, mbona hata hujamtazama?"

"Mgeni ni mimi, mwanangu. Mwache anitazame yeye kwanza."

Mchele ulikuwa unakaribia kwisha walipomwona mlangoni, amelala fofofo, pua ndani ya ndara moja.

Perpetua akashusha pumzi. "Mchukue, mama."

Ili asimwamshe, yule mama akambeba pamoja na ndara, akashika njia, mguu mmoja peku.