Nafasi ya Mpweke

Siku hizo kila mzee wa Tanga alivaa kikuku kilichopima upweke wake. Kikiwa chekundu, alipewa nafasi kwenye kituo cha wazee. Kikiwa cha kijani, alihesabiwa amepona, akarudishwa nyumbani kumpisha mwingine.

Bi Mwanatumu, mjane asiye na mtoto, alifika kituoni akiwa hajazungumza na mtu miezi minne. Akaketi karibu na Bi Nuru, mwanamke wa maneno mengi, wakawa wanasuka ukili na kupiga soga hadi chai inapoa. Siku moja wakaona vikuku vyao vimeanza kubadilika rangi.

“Shoga, tukiendelea hivi watatutenganisha,” alisema Bi Nuru.

“Tufanyeje sasa?”

“Tunyamaze. Angalau nitakuwa nakuona.”

Wakaacha kuzungumza. Walikaa mkeka mmoja, kila mtu na ukili wake, Bi Mwanatumu akiyameza maneno yake kama shubiri. Mwezi wa pili mhudumu alivikagua vikuku, vikiwa vyekundu kabisa, akawaambia wataendelea kuwepo.

Bi Mwanatumu akamgeukia mwenzake, ampe habari kwa jicho tu kwamba wamefaulu. Bi Nuru alimtazama kama anavyotazamwa mgeni, kisha akarudi kwenye ukili wake.