Jabali la Bibi Harusi

Bibi harusi alikuwa amechelewa, na wageni walianza kutazama saa.

Kasuku hakubabaika. Mdomo wake haukuwahi kukosa la kusema, ndiyo maana watembeza wageni wenzake walimbandika jina hilo. Akairefusha hadithi. Akampa msichana wa hadithini wimbo wa kilio, akampa na farasi mweupe, ingawa kisiwa kizima hakikuwa na farasi hata wa dawa. Moyoni alikuwa akimlaani shemeji yake.

Maana bibi harusi ndiye shemeji yake huyo, kaka wa marehemu mkewe, mwanamume mzima mwenye miguu ya korongo na ndevu za jana. Kila siku, wageni wakishapangwa kwenye jukwaa la mbao, yeye hutokeza juu ya jabali la ng'ambo, amevaa gauni jeupe na shela ya kumfunika uso. Kasuku akifika mwisho wa hadithi, shemeji hupiga ukelele na kujirusha baharini. Kule chini kulikuwa na sehemu moja tu yenye kina cha kutosha, ndogo kama chumba cha kulala, na pembeni kote ni mawe. Shemeji alipajua kama mlango wa kwake. Akishazama hupita pangoni, chini kwa chini, kisha huibukia upande wa jukwaa akichuruzika maji, na wageni hushangilia hadi kukaukwa na sauti.

Hadithi yenyewe Kasuku aliitunga siku moja akisubiri chai ipoe. Hapo kale baba mwenye tamaa alimwoza binti yake kwa tajiri asiyempenda. Binti akalia, baba akatia pamba masikioni. Asubuhi moja binti akapanda jabalini na gauni lake la harusi, akajitupa. Bahari ikamwonea huruma, ikamrudisha hai. Hiyo huruma ya bahari ilikuja baadaye, wageni walipolalamika kwamba wamekuja kustarehe, si kuomboleza.

Leo hadithi ilibidi inoge kuliko siku zote, kwa sababu mwenye maboti alikuja kujionea mwenyewe. Mgeni yeyote aliyetaka kuogelea kwenye matumbawe, kutazama kasa au kupelekwa kwenye maporomoko, lazima apande boti yake. Akiamua kuwapitisha wote hapa, Kasuku ameula. Asipoamua, jukwaa litaozea pale pale. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha, imebaki harusi ya binti yake Ijumaa tu.

"Mzigo wangu ulifika?" mwenye maboti alimnong'oneza.

"Ulifika, mkwe. Amepima, umemkaa sawasawa."

"Na kulia bado analia?"

"Jana alilia mpaka nikahamia barazani nipate usingizi. Leo kaamka mtulivu, kanipikia chai, kanibusu mkono. Mtoto wa kike ndivyo alivyo, hulia kisha huzoea. Hata mama yake alilia."

Mwenye maboti akacheka. Alikuwa na umri sawa na Kasuku, na meno machache zaidi.

"Yule pale!" mgeni mmoja akasema, na simu zote zikainuka.

Bibi harusi alikuwa amesimama juu ya jabali. Kasuku akashusha pumzi. Kwa mbali gauni lilikuwa jeupe pe, akajua shemeji yake leo kakumbuka sabuni. Upepo uliipeperusha shela, lakini yeye hakutikisika. Alisimama ameelekea jukwaani, kimya, muda mrefu kuliko kawaida.

Kasuku alipenda jambo hilo. Fundi hodari hutumia chochote anachopewa.

"Anamtafuta baba yake kwa macho," akawaambia wageni, akiishusha sauti. "Baba yuko hapa hapa, katikati ya watu. Binti anasubiri aseme neno moja tu. Aseme, rudi nyumbani mwanangu, yamekwisha."

Mama mmoja alianza kufuta machozi.

"Akalisema?" akauliza.

"Hakulisema," Kasuku akajibu, na mkono wake akauweka kifuani.

Bibi harusi akaruka. Hakupiga ukelele wala hakurusha mikono. Alianguka kama nguo iliyodondoka kambani, akapotelea nyuma ya mawe. Kasuku akaudhika kidogo, kwa sababu ukelele ule ndio uliokuwa ukiwatia watu baridi. Hata hivyo makofi yalilipuka, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa mwenye maboti.

"Mkwe, wewe mchawi," alisema, akimshika bega. "Kuanzia kesho wageni wangu wote watapita kwako."

Kasuku alitamani kucheza ngoma. Miaka yote ya kupigwa jua na kuchekwa ilikuwa imelipwa kwa asubuhi moja. Akavua kofia, akaanza kuizungusha kuchangisha hela.

"Tazameni mdomo wa pango," akawaambia wageni. "Msiwe na haraka. Bahari inamrudisha sasa hivi."

Wageni wakageuka wote, simu juu, wakakaza macho pangoni. Hapo Kasuku akasikia mtu akimvuta shati kwa nyuma. Alikuwa shemeji yake, amevaa kaptula, na chini ya kwapa amebana gauni lililokunjwa, kavu.

"Shemeji, vipi tena?" alisema, akitweta. "Mwanao kanipitia alfajiri, kasema onyesho la leo umelisogeza mpaka saa kumi. Sasa hawa wanamsubiri nani?"