Kiti cha Mdenmaki

"Kwa nini hukunialika?" bosi akaniuliza, uso umemwiva.

Mimi nilikuwa nimekuja kumuuliza kwa nini hakutokea. Jana ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wangu. Sisi Waserbia siku hiyo hatualiki mtu. Anayekujali anakuja mwenyewe. Mke wangu alimwekea Mdenmaki huyu kiti karibu na mshumaa, na sahani yake ya samaki haikuguswa mpaka mafuta yakaganda.

"Kiwanda kizima kilikuwa kwako, Radisav. Mimi nimelala hotelini na njaa yangu."

"Bosi, hata kaka yangu wa damu sikumwalika! Ndivyo tulivyo."

Akakaa. Akaanza kukwangua gundi ya viatu iliyokaukia mezani, taratibu, kwa ukucha.

"Makao makuu walipiga simu jana jioni. Wafunge kiwanda gani, hiki au cha Poland? Nikaona hapa sina mtu wa kumtetea."

"Ukawaambia hiki?"

Ukucha ukaendelea kukwangua. Nyuma ya mlango wenzangu walikuwa wakitaniana nani alilewa zaidi jana.

"Nenda ukawaambie wenzako wewe," akasema. "Wewe wanakuelewa."