Sululu ya Kristian

Mstari chini ya sululu ulikuwa mwekundu, mfupi kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Bibi Esteria aliisogeza simu karibu na dirisha, akavaa miwani, akautazama tena.

Sululu hiyo haikuwa ya chuma. Ilikuwa ndani ya mchezo wa simu, ule wa kuchimba mawe na kujenga nyumba za vipande vya mraba. Mwanawe Kristian ndiye aliyeitengeneza, akaiandika jina lake, akaitia kitu alichokiita nguvu.

"Nguvu gani hizo?" Esteria aliwahi kumuuliza. "Nyumba hii ni ya Walutheri."

Kristian alicheka mpaka akamwaga chai. "Si za mganga, mama. Moja inaifanya ichimbe haraka, nyingine inaifanya isichakae upesi. Ukiona inametameta zambarau, ujue zimo."

"Na ikichakaa?"

"Mstari unapungua. Ukiisha, inavunjika na kupotea. Huioni tena."

Mwezi wa pili mti ulimwangukia Kristian huko Shume, alikokuwa akipasua mbao. Siku ya kuanua tanga ndugu waligawana vitu vyake: jembe na koti kwa kaka yake, simu kwa binti yake Janeth, mwenye miaka kumi na mmoja. Kabla ya kumkabidhi, Esteria aliangalia ile sululu. Mstari ulikuwa umeshafika kwenye wekundu.

"Usiitumie hii, mwanangu. Ndiyo mkono wa baba yako."

Jioni hiyo Janeth alijifungia chumbani na simu, akatoka macho yamevimba. Wiki nzima iliyofuata alichimba tu ndani ya mchezo, hata ugali ukapoa mbele yake. Esteria hakumkemea. Alimfunikia sahani na kumwachia.

Tangu hapo mtoto hakuwa msemaji. Ila kila jioni, baada ya chakula, Esteria alimwambia, "Hebu nionyeshe ya baba."

Janeth alifungua nyumba ya ndani ya mchezo. Sululu ilikuwa imetundikwa ukutani, juu ya kitanda, ikimetameta.

"Ipo, bibi."

"Hujaigusa?"

"Sijaigusa."

Siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote. Jioni moja simu iliishiwa chaji, na Janeth akakimbia na mvua mpaka kwa jirani yao Sharifa, mwenye umeme wa jua. Alirudi amelowa chapachapa. "Ipo, bibi," alisema hata kabla ya kuvua viatu. Esteria alimkausha kichwa kwa kanga yake, akawaza kwamba bila sululu ile mtoto huyu hatapata usingizi.

Ndiyo maana mstari ule ulimtesa. Umebaki mdogo hivyo, na kidole cha mtoto kinaweza kuteleza.

Leo Janeth alikuwa shuleni. Esteria aliweka viazi jikoni, akaifungua simu mwenyewe. Alijua kidogo. Janeth alikuwa amemfundisha kuvuna viazi vya mle ndani, akimshika kidole na kukisogeza polepole, bila kumcheka hata mara moja.

Kwenye kona ya nyumba ile ya mchezo palikuwa na jiwe la mviringo lenye miguu ya mbao. Esteria alilitambua mara moja. Kwa miaka hamsini alikuwa amenoa majembe kwenye jiwe la mtoni, hapa hapa Kwai, na hakuna jembe lililowahi kumshinda kwa ubutu.

"Kumbe dawa ilikuwa hapa hapa," alisema peke yake.

Jiwe lilitaka sululu mbili. Aliweka ya Kristian, akaweka na nyingine ya kawaida aliyoikuta sandukuni. Ikatoka moja. Mstari wake ulikuwa wa kijani, mrefu, kama wa kitu kipya. Esteria alipiga makofi.

Kisha akaona kwamba haimetameti.

Akaibonyeza kutafuta jina. Hapakuwa na jina. Akairudisha jiweni, akaitoa, akairudisha tena. Ilibaki sululu tu, kama ya mtu yeyote. Harufu ya viazi vilivyoungua ilijaa nyumbani, naye hakuinuka.

Alifikiria kusema kwamba simu ilianguka. Kisha akasikia viatu vya Janeth uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Njoo ukae hapa kwanza." Alimnyooshea simu. "Nimeharibu ya baba yako. Nilitaka kuinoa."

Janeth aliichukua simu. Alitazama ukuta mtupu juu ya kitanda, kisha akatazama ile sululu ya kijani.

"Umeiweka kwenye jiwe?"

"Nilidhani ni jiwe kama letu la mtoni."

"Linanoa, bibi. Lakini linafuta nguvu zote, na jina pia."

Esteria alijifunika uso kwa kanga. Hakuwa amelia mbele ya mtoto tangu mazishini, na sasa hakuweza kujizuia. Janeth alimfuta machozi kwa mkono wa sweta lake la shule.

"Basi, bibi, usilie. Ngoja."

Alisogeza kitanda cha ndani ya mchezo, akang'oa ubao wa sakafu, akashuka ngazi ambayo Esteria hakuwahi kuiona. Chini palikuwa na sanduku. Ndani yake mlikuwa na sululu nne, zote zikimetameta zambarau, zote zimeandikwa Kristian, zote zimechimbishwa mpaka mstari ukabaki mwekundu, mfupi kuliko ukucha.

"Ya baba ilivunjika jioni ile ile ya kuanua tanga," Janeth alisema, akachukua moja na kuitundika ukutani. "Hizi huwa natengeneza ili wewe ulale."